Kijibwa kisichopukutika manyoya na gharama isiyotajwa sokoni

KATIKA nyumba nyingi za ghorofa jijini Nairobi, mbwa wa kulinda boma hana kazi. Lango lina askari, ukuta una nyaya za umeme, na ua wote ni wa kuegesha magari. Anayetafuta mbwa katika mitaa kama Kilimani au Kileleshwa mara nyingi hutaka wa kukaa naye sebuleni, na swali lake la kwanza kwa muuzaji huwa ni iwapo manyoya yatajaa kwenye kochi.

Hapo ndipo mbwa wadogo wa aina ya Maltese, Shih Tzu, Bichon Frise, Yorkshire Terrier, Lhasa Apso na Poodle mdogo hupata soko. Muuzaji huwa na jibu moja: hawa hawapukutiki. Jibu hilo ni la kweli kwa kiasi kikubwa, ila ni nusu ya habari. Unyoya usioanguka hauendi popote. Hubaki mwilini, hurefuka, husokotana na mwenzake, na asipopatikana mtu wa kuuchana na kuukata, mbwa huishia kuvaa blanketi la mafundo asiloweza kulivua.

Kwa mnunuzi, hiyo ni kazi ya kila wiki na malipo ya kila baada ya mwezi mmoja na nusu hivi, kwa muda wote ambao mbwa atakuwa hai. Mbwa hawa wadogo huishi miaka mingi. Maltese aliyetunzwa vyema hufikisha miaka 12 hadi 15. Kwa kijana mwenye mkasi, subira na mikono mitulivu, ni biashara ambayo mteja wake hana budi kurudi.

Kosa la kwanza hutokea kabla pesa hazijatoka mfukoni. Japanese Spitz, yule mbwa mweupe pepepe mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja mgongoni, amependwa sana Nairobi, na wapo wanaomnunua wakidhani kila mbwa mdogo mweupe ni wa ukoo mmoja. Spitz hupukutika, tena sana. Ana tabaka mbili za manyoya, la juu refu na gumu kiasi, na la chini laini kama sufi, na hilo la chini hutoka kwa mafungu msimu wake ukifika. Huyo huchanwa, hanyolewi. Akinyolewa, manyoya yake huweza kurudi kwa mabaka au yakachukua muda mrefu mno kurudi.

Maltese na Yorkshire, ambao kwa kawaida uzani wao hauzidi kilo 3 na ushei, wana tabaka moja tu la nywele ndefu za singa zinazokaribia za binadamu. Poodle ana tabaka moja pia, lakini lake limejipinda na kusongamana kama kipilipili. Bichon ana manyoya laini chini na yaliyojikunja juu. Shih Tzu na Lhasa Apso wana tabaka mbili, zote ndefu. Tofauti hizi ndizo zinazoamua kazi: wenye nywele za singa hutaka kuchanwa mara nyingi lakini kwa wepesi, ilhali Poodle na Bichon ndio wanaofunga mafundo upesi na kuyaficha kwa ustadi.

Halafu kuna machotara. Mbwa aliyezaliwa na Maltese na Poodle huuzwa kwa jina la Maltipoo na kusifiwa kuwa amechukua mema ya pande zote mbili. Ukweli ni kwamba urithi haupangwi hivyo. Watoto wa mimba moja waweza kutofautiana, mmoja asipukutike na nduguye apukutike. Mnunuzi anayetaka uhakika hana njia ya mkato isipokuwa kuomba kuwaona wazazi wote wawili, na kwa mbwa wa nasaba kuomba vyeti. East Africa Kennel Club yenye makao yake Nairobi ndiyo inayosajili mbwa wa aina hiyo.

Kwa nini hawapukutiki? Kila unyoya wa mnyama una kipindi cha kukua, kipindi cha kupumzika, na wakati wa kuanguka ili mwingine uchipuke. Kwa mbwa wengi kipindi cha kukua ni kifupi, ndiyo maana manyoya ya mbwa wa kawaida hufika urefu fulani yakakoma. Kwa Poodle na wenzake kipindi hicho ni kirefu mno, kama ilivyo kwa nywele za kichwani mwa binadamu. Na hata machache yanayokatika hayafiki sakafuni, kwani hunaswa na yale yaliyojikunja jirani yake. Hayo yaliyonaswa ndiyo mbegu ya fundo.

Mnamo 2009, wanasayansi waliochunguza zaidi ya mbwa 1,000 wa aina 80 waliripoti katika jarida la Science kwamba jeni tatu tu, RSPO2, FGF5 na KRT71, ndizo zinazoeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: moja huleta masharubu na nyusi nene, nyingine urefu, na nyingine kujikunja. Mbwa mwenye nyusi za mzee na ndevu za kuning'inia basi hakupambwa na kinyozi, alizaliwa nazo.

Mwaka huohuo wa 2009 dunia nzima ilisikia habari za mbwa asiyepukutika, na Wakenya wakazifuatilia kwa hamu kuliko wengi kwa sababu ya asili ya baba wa familia hiyo. Rais Barack Obama alikuwa ameahidi binti zake mbwa, na kwa kuwa Malia ana mzio, familia ilichagua Portuguese Water Dog, aina kubwa kuliko hizi zinazozungumziwa hapa lakini yenye manyoya ya tabia hiyohiyo. Mbwa huyo, Bo, aliingia Ikulu ya Marekani Aprili 2009 na kufa Mei 2021. Tangu hapo neno kwamba mbwa hawa hawaleti mzio limesambaa, na wauzaji hawajaliacha.

Mnunuzi mwenye mtoto wa pumu anafaa kulisikia kwa tahadhari. Kinachomsumbua mwenye mzio si unyoya wenyewe, bali protini zilizo katika mate na mba ya mbwa, hasa ile iitwayo Can f 1. Kila mbwa ana mate na kila mbwa ana ngozi. Watafiti wa hospitali ya Henry Ford mjini Detroit walipima vumbi la nyumba 173 zenye mbwa mmoja mmoja, na katika matokeo yaliyochapishwa 2011 hawakuona tofauti kati ya nyumba za mbwa wanaosifiwa kuwa salama na nyumba za mbwa wengine. Mwaka uliofuata, utafiti wa Uholanzi ulikuta kwamba manyoya ya mbwa hao wanaosifiwa, Poodle akiwemo, yalikuwa na Can f 1 nyingi zaidi, si chache.

Kumwosha na kumchana mara kwa mara hupunguza mba kwa siku chache. Hata hivyo, la busara ni yule mwenye mzio kukaa na mbwa husika mara kadhaa kabla ya kumlipia. Mbwa anayerudishwa kwa muuzaji baada ya mwezi mmoja ameshazoea nyumba, na kuhamishwa huko humwumiza.

Fundo huanzia chini

Wengi wa wanaompeleka mbwa kwa kinyozi akiwa amefumana huapa kwamba walikuwa wakimchana kila siku, na wengi wao husema kweli. Walichana juu. Brashi laini ikipita juu ya Bichon, mbwa hutoka akiwa amechanuka kama ua la pamba, na mwenyewe huridhika. Chini, karibu na ngozi, manyoya yameshaanza kugandamana. Baada ya wiki 3 au 4 yamekuwa kitu kimoja, kizito kama blanketi.

Fundo si suala la sura tu. Kila mbwa anapotembea huvuta ngozi, mithili ya mtu aliyesukwa nywele kwa kukazwa mno asiweze kuzifumua. Hewa haipiti. Maji yakiingia hayakauki, ngozi hulowa, huwasha, hutoa harufu na mara nyingine huoza vidonda ambavyo mwenye mbwa hawezi kuviona. Kupe hujificha humo. Katika msimu wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, matope huzidisha hali. Na mbwa akipita kwenye nyasi za kando ya barabara hurudi na mbegu za kishonanguo, ambazo hushika manyoya na kila moja ikawa kitovu cha fundo jipya.

Njia inayofanya kazi ni ya polepole. Vifaa ni viwili: brashi ya sindano nyembamba za waya zilizopinda, na chanuo la chuma lenye meno mapana upande mmoja na ya karibukaribu upande wa pili. Mbwa hulazwa ubavu, manyoya yakagawanywa kwa mkono mpaka mstari wa ngozi uonekane, kama msusi anavyopasua nywele za mteja. Huchanwa tabaka dogo lililo chini ya mstari huo, kisha mstari husogezwa juu kidogo, na kuendelea hivyo hadi mgongoni. Mwisho chanuo hupitishwa kuanzia ngozini hadi nchani. Likikwama, kazi haijaisha. Brashi huweza kudanganya, chanuo halidanganyi.

Sehemu za kuanzia ni zile zinazosuguana: nyuma ya masikio, makwapani, kwenye kinena, chini ya ukanda wa shingoni, kati ya vidole na kwenye shina la mkia. Mbwa anayevalishwa sweta wakati wa baridi ya Juni na Julai hufumana zaidi, na sweta hilo livuliwe kila siku achanwe. Kwa Poodle au Bichon aliyeachwa manyoya marefu, kazi hii ni ya kila siku au kila baada ya siku moja. Kwa aliyekatwa mafupi, mara mbili kwa wiki hutosha.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni kile ambacho mtoto wa mbwa anabadilisha manyoya ya utotoni kupata ya ukubwani, kwa kawaida kabla au baada kidogo ya kutimiza mwaka mmoja. Manyoya mapya hunasa ya zamani, na mbwa ambaye hakuwahi kusumbua hufunga mafundo ndani ya siku chache. Wanunuzi wengi hukata tamaa hapo, wakidhani wameuziwa mbwa mbovu.

Fundo dogo hufumuliwa kwa vidole na ncha ya chanuo, kuanzia nje kuelekea ngozini, huku mkono mwingine ukishika manyoya karibu na ngozi ili mbwa asivutwe. Mkasi haufai. Fundo huinua ngozi na kuifunga ndani yake, na ngozi ya mbwa mdogo ni nyembamba kama karatasi. Madaktari wa mifugo hushona majeraha ya namna hiyo yaliyotokana na mikasi ya jikoni. Na likishakuwa blanketi, halifumuliwi tena. Kumchana mbwa aliyefika hapo kwa saa tatu ni kumtesa. Hunyolewa, manyoya yakaanza upya.

Hata kunyoa huko kuna hatari zake. Masikio yaliyokuwa yamebanwa na mafundo yakiachiliwa ghafla damu hurudi kwa kasi, mbwa hutikisa kichwa, na sikio laweza kuvimba kwa damu iliyovuja chini ya ngozi. Kinyozi mwenye uzoefu humweleza mwenye mbwa hayo yote kabla ya kuwasha mashine, pamoja na kwamba chini huenda kukapatikana vidonda ambavyo si yeye aliyevisababisha.

Maji, sabuni na kupe

Mbwa huchanwa kwanza, ndipo aoshwe. Ukigeuza utaratibu huo, maji hukaza mafundo kama yanavyokaza uzi wa sufu. Maji yawe ya uvuguvugu, na masikio yazibwe au yaepukwe. Sabuni ya binadamu haifai kwa sababu kiwango cha asidi cha ngozi ya mbwa ni tofauti na cha mtu. Ya vipande ya kufulia ndiyo mbaya zaidi, kwani hukausha ngozi ikaanza kupasuka na kuwasha. Muhimu kuliko aina ya shampuu ni kuisuuza ikatoka yote. Baada ya hapo mbwa hukandamizwa kwa taulo, hasuguliwi, kisha hukaushwa kwa hewa ya vuguvugu huku akichanwa. Aliyeachwa ajikaushie mwenyewe jijini Nairobi mwezi wa Julai hutetemeka kutwa nzima na kuamka kesho yake amefumana.

Kuhusu kupe, kuna desturi moja inayofaa kukomeshwa. Wenye ng'ombe mashambani huchota dawa ya josho, wakaichanganya kwa kukisia ndani ya ndoo, kisha wakaogeshea mbwa. Mbwa mkubwa wa boma huenda akanusurika. Mbwa wa kilo 3 ni hesabu nyingine kabisa. Amitraz, iliyo katika baadhi ya dawa hizo, ikizidi humlegeza mbwa, ikapunguza mapigo ya moyo na joto la mwili, na aina ndogondogo huathirika upesi. Dawa ya kupe ipimwe kulingana na uzani wa mbwa kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Si jambo la kupuuzwa kwa upande wa pili pia, maana kupe wa mbwa ndiye anayeeneza ugonjwa wa ehrlichiosis. Apapaswe kila siku, hasa ndani ya masikio na kati ya vidole.

Sehemu nyingine za mwili hazichukui muda. Macho hupanguswa kila siku kwa pamba iliyoloweshwa maji safi. Ile michirizi ya rangi ya kutu kwenye uso mweupe wa Maltese hutokana na machozi yenyewe, na machozi yakizidi ghafla ni dalili ya ugonjwa. Mnamo 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watengenezaji wa baadhi ya unga wa kuondoa michirizi hiyo kwa kuwa ulikuwa na kiuavijasumu cha tylosin bila idhini, kwa hivyo kinachoagizwa mtandaoni kisomwe lebo. Shih Tzu ana macho yaliyojitokeza, na nywele za juu ya pua zisipokatwa au kufungwa hukwaruza mboni.

Kung'oa manyoya ndani ya masikio, jambo lililokuwa la lazima kwa vinyozi wa zamani, sasa madaktari wengi hawalishauri iwapo sikio ni zima. Kucha hukatwa nchani tu, kila baada ya wiki 3 au 4, kwa kuwa ndani yake kuna mshipa wa damu. Ule ukucha wa pembeni, ambao haugusi chini, ndio unaosahauliwa ukajipinda hadi kuingia nyamani. Meno nayo hupigwa mswaki kwa dawa ya mbwa, si ya watu, ambayo huweza kuwa na xylitol, sukari iliyo sumu kwa mbwa.

Mtindo upi, na kwa nani?

Picha za Maltese mwenye nywele zinazoburura sakafuni ni za maonyesho. Nyuma ya kila picha kuna mtu anayefanya kazi hiyo kila siku. Kwa mwenye ajira na watoto, mtindo unaofaa ni ule uitwao wa mtoto wa mbwa: mwili mzima hukatwa ubakie na manyoya ya sentimita 2 hadi 4, uso ukaachwa mviringo. Wa nyumba ya Mombasa, penye joto na unyevu, aweza kukatwa mafupi zaidi, ila asinyolewe mpaka ngozi ionekane, kwani mbwa mweupe huchomwa na jua.

Mitindo ya Poodle yenye mabonge miguuni ilianza kwa sababu za kazi. Babu zao walikuwa mbwa wa kuokota ndege waliopigwa risasi majini, na jina lenyewe lina asili ya neno la Kijerumani la kurusha maji. Walikatwa manyoya ili waogelee kwa wepesi, wakaachiwa kifuani na kwenye viungo pasipate baridi. Anayeishi ghorofa ya 5 hana haja nayo, isipokuwa apende.

Mwenye mbwa anaweza kujifanyia mengi nyumbani. Kuchana, kuosha na kucha hujifunzwa na yeyote. Kunyoa ndiko kunakowashinda wengi. Mashine ya kinyozi wa watu hukwama kwenye manyoya ya Bichon na kupata moto, na kuitumia kwa watu baada ya mbwa ni kualika mapunye. Mashine za mbwa hutumia visu vinavyobadilishwa kwa nambari, na nambari ikipanda manyoya yanayobaki hupungua: nambari 4 huacha karibu milimita 9, nambari 7 huacha 3, na nambari 10 huacha 1.5, ya tumboni na chini ya mkia pekee. Nambari 10 ndiyo salama kuliko zote kwa anayejifunza kunyoa fundo, kwa kuwa meno yake yamekaribiana na hayanasi ngozi.

Mbwa aliyefumana vibaya, mzee au anayeuma huhitaji daktari. Kudunga mnyama dawa ya usingizi si kazi ya kinyozi. Ni ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kinyozi anayejitolea kuifanya aepukwe.

Sasa hesabu. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba huduma moja ni Sh2,000. Mbwa anayekatwa kila baada ya wiki 6 huhudumiwa karibu mara 9 kwa mwaka, yaani Sh18,000. Akiishi miaka 14, ni Sh252,000, bila chakula wala chanjo. Bei ya mtaa wa mnunuzi ikiwa tofauti, abadilishe tarakimu. Idadi ya mara haitabadilika. Swali la kujiuliza mbele ya muuzaji basi si iwapo mnunuzi ana uwezo wa kumnunua mbwa, bali iwapo ana uwezo wa kumkata.

Upande wa kinyozi, hesabu hiyohiyo husomeka vingine. Mbwa mdogo mmoja, tangu kuchanwa hadi kukaushwa na kukatwa, huchukua saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Mtu mmoja hawezi kufanya zaidi ya 4 kwa siku akabaki na mkono thabiti. Siku 5 kwa wiki ni mbwa 20, na kwa mzunguko wa wiki 6 ni mbwa 120. Hahitaji wateja elfu moja. Akipata nusu ya hao 120 katika mitaa miwili jirani, tayari ana kazi ya kudumu, na majengo mengine ya ghorofa yanaweza kumpa wateja kadhaa kwa lango moja.

Mtaji si mkubwa kama wa saluni ya watu, lakini haufai kubanwa pasipostahili. Meza isiyoteleza, yenye mkono wa kushikilia kamba, inakuja kwanza. Mbwa aliyefungwa kamba hiyo haachwi peke yake hata dakika moja, kwa maana akiruka hujinyonga. Mashine mbili, ili moja ikipata moto nyingine ichukue zamu. Kisu hupimwa kwa kukigusisha mkononi mwa kinyozi mwenyewe kila baada ya dakika chache, kwa sababu mbwa aliyeunguzwa haonekani siku hiyo. Wekundu hutokea kesho yake, nyumbani kwa mteja. Kikausha cha kupuliza kinachoshikwa mkononi ni bora kuliko kumfungia mbwa kizimbani na hewa ya moto. Visu, chanuo na meza husafishwa kwa dawa kati ya mbwa na mbwa.

Wanaoanza bila mtaji wa kukodi chumba huzunguka nyumbani kwa wateja na mkoba wao. Njia hii ina faida yake: mbwa hatulii sana kwa mgeni, lakini hutulia zaidi kwao kuliko kwenye chumba chenye harufu za mbwa wengine. Ubaya wake ni muda unaoliwa na msongamano wa magari, ambao hauna anayeulipia.

Kadi ya chanjo huombwa kabla ya mbwa kupanda mezani, hasa ya kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na kinyozi yumo katika kundi linaloumwa mara nyingi kuliko wengine. Anafaa kuzungumza na daktari kuhusu chanjo yake mwenyewe kabla hajaanza. Akiumwa, kidonda huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Aliye bora katika kazi hii huanza na mbwa wakiwa wadogo. Mtoto wa mbwa aliyekamilisha chanjo zake za mwanzo huletwa bila kukatwa lolote: husimamishwa mezani, husikilizishwa mlio wa mashine, huguswa nyayo na masikio, hupewa kipande cha nyama na kurudi nyumbani. Ziara kama hiyo hulipwa kidogo au hailipwi kabisa, ila inaokoa saa nyingi za mvutano baadaye. Aliyeletwa mara ya kwanza akiwa na umri wa mwaka mmoja, amefumana na ameogopa, hupata funzo moja tu kuhusu meza hiyo.

Masharti huandikwa na kutiwa sahihi mapema: bei ya mbwa aliyechanwa, bei ya aliyefumana, na ruhusa ya kunyoa iwapo chanuo halitapita. Ugomvi mwingi kati ya vinyozi na wateja hutoka hapo, mwenyewe akitarajia kurudishiwa ua la pamba, akarudishiwa kitu kinachofanana na mwanakondoo aliyekatwa sufu. Kila mbwa huwa na kadi yake yenye nambari ya kisu kilichotumika, sehemu anazochukia kuguswa, na uvimbe wowote ulioonekana. Mara nyingi mkono wa kinyozi ndio hugundua uvimbe kabla ya mwenyewe. Waliozidi miaka 10 au wenye maradhi ya moyo hupangiwa asubuhi kabla chumba hakijapata joto na kelele, kazi ikagawanywa siku mbili, na mwenye mbwa akaombwa asizime simu.